Utepe wa Taa Nyuma ya Buli

Nyinyi vijana ambao kila kitu chenu lazima kiwake, simu iwake, viatu viwake, na sasa kabati nalo liwake, kaeni niwaambie jambo. Msidhani kila anayekataa taa ni mshamba. Mimi nilizikataa wiki tatu nzima. Sababu nilizotoa zilikuwa nyingi na zote za uongo. Ya kweli ilikuwa moja tu, nayo ilikaa rafu ya pili nyuma ya kioo, tumbo limeelekea saloni na kovu limeelekea ukuta.

Nasema habari ya buli langu la chai.

Nyumba yangu iko mtaa wa Nyamirambo, kwenye mteremko, nyuma ya maduka ya washonaji, na mimi mwenyewe nimeshona mpaka macho yakaomba ruhusa. Saloni yetu ilikuwa na mwanga mzuri hadi jirani alipojenga ghorofa. Ukuta wake ulisimama hatua moja kutoka dirisha letu, na tangu hapo, saa sita mchana, ndani ni kama umo ndani ya gunia. Mgeni akiingia hukisalimia kiti kwanza, halafu ndiyo anatupata sisi.

Kabati limekaa upande wa kibla. Marehemu mume wangu alimwagiza seremala wa Kimisagara alitengeneze kwa libuyu, zile mbao ngumu na nzito, milango miwili ya kioo juu, droo mbili chini, na watu wanne walilipandisha kilima wakilaani kila hatua. Ndani yake mna seti yangu ya harusi: vikombe sita, visahani sita, chombo cha sukari na buli. Kauri nyeupe, nyembamba, yenye maua ya waridi. Watu wa nyumbani hawakuruhusiwa kuvigusa, wao wana vikombe vyao vya plastiki. Vile ni vya wageni, na kusema kweli wageni wengi niliwatazama nikaona nao wanafaa plastiki. Buli ndilo nililolitukuza kuliko vyote. Nilishatangaza mbele ya ukoo: buli hili litamimina chai siku watu watakapokuja kumposa mjukuu wangu, na siku hiyo wataona chombo kilichokaa nyumbani tangu harusi yangu bila hata mkwaruzo.

Maneno hayo niliyasema nikiwa nimeshalivunja.

Ilikuwa hivi. Mjukuu bado yuko darasa la kwanza, asubuhi ya mvua, wenzangu wametoka, mteja hakuna. Nikawaza: miaka yote hii nalitunza buli, na sijawahi kunywa chai yake. Nikalitoa. Lilikuwa baridi kama jiwe. Nikatia majani, nikatia maji yanayochemka moja kwa moja kutoka jikoni. Kila mwanamke anajua hufanyi hivyo, unaanza kulisuuza kwa maji ya vuguvugu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wengine. Buli likasema tak, mara moja tu, tumbo likaachana vipande viwili, na chai yangu yote ikanywewa na zulia.

Gundi sikuinunua Nyamirambo. Mwenye duka wetu angeniuliza kimevunjika nini, na kabla ya Alasiri mtaa mzima ungekuwa unanipa pole. Nilishuka kwa miguu hadi Kimisagara, kwenye karakana ambako hanijui mtu, nikanunua kichupa kwa mtengeneza redio mmoja, nikarudi nimekificha ndani ya mtandio kama mwizi. Mkono wa mshonaji haukuniangusha: ufa ulibaki mwembamba kama uzi. Nikalirudisha kabatini, ufa nyuma.

Kama ningenyamaza hapo, basi. Lakini wiki ileile mke wa mwanangu alikuwa anapangusa vumbi, akaangusha kisahani kimoja cha seti. Nikamsema. Nilimsema wiki ile, nikamsema mwezi ule, ikaingia Ramadhani nikamsema kwenye futari, watu wanasubiri adhana na mimi niko kwenye kisahani. Vipande vyake viwili nilivifunga kwa kitambaa nikaviweka kwenye droo ya chini kama ushahidi. Tangu siku hiyo, kikivunjika chochote nyumbani, hata njiti ya kiberiti, navitoa naviweka mezani. "Buli lile mnaliona?" nasema. "Lina umri mkubwa kuliko nyinyi wote. Ni mkono tu." Naye, ambaye amezaliwa huko kusini na Kinyarwanda chake hakimtoki mdomoni, anainamisha kichwa na kuitika, "Yego, Mama."

Sasa mmeelewa. Mwanga ukipita nyuma ya lile buli, ufa utasomeka kama maandishi. Na nyumba yetu inakwenda kwa neno langu. Neno hilo likipata ufa, sijui gundi yake inauzwa wapi.

Mjukuu amekua, anauza vifaa vya umeme katika duka moja mjini, na mwaka huu watu wa kijana mmoja walituma salamu kwamba watakuja Jumapili fulani baada ya Alasiri. Baba wa kijana ni mtu wa ofisi huko Kacyiru, mpole, lakini tuliambiwa mwenye kauli katika ukoo ule ni shangazi wa kijana. Mjukuu akaitazama saloni, akasema yeye hawezi kuposwa gizani.

"Bibi, nataka nitie taa kwenye kabati."

"Kabati si baa," nikamwambia.

Akacheka, akatoa kwenye mkoba zile taa za LED zilizopangwa juu ya utepe, nukta nukta kama shanga, zimekunjwa duara. Mimi utepe naujua, lakini wa kushona. Akasema huu nao unakatwa kwa mkasi, mahali palipochorwa alama tu, na nyuma una gundi yake. Neno gundi sikulipenda. Nikamwambia utachoma nyumba. Akauwasha akanishikisha mkononi: haukuwa na joto hata la kuku. Nikamwambia utamaliza kashi pawa, umeme wenyewe tunaulipia kabla. Akasema unakula umeme kidogo kuliko ile ampuli yangu ya chooni ninayosahau kuizima. Nikamwambia kabati la mume wangu halitobolewi. Akasema waya utapita pale nyuma ambapo ubao wa chini umeachia kidogo, hatatoboa hata tundu la sindano. Huyo ndiye niliyemfundisha mwenyewe kujibu.

Nikaona nijaribu kwa upole. Nikamwambia basi uweke mbele, chini ya ukingo wa rafu, mwanga ushuke kwenye sura za vyombo. Akakataa. Akasema mbele utawachoma wageni macho, na vyombo vitakuwa kama vinapigwa picha ya kitambulisho. Nyuma ndiyo kwenyewe, mwanga upite kwenye kauri, maua yaonekane yanaelea.

"Mimi sitaki upite."

"Kwa nini, Bibi?"

Nikasema vyombo havikuomba. Akanibusu kwenye paji la uso, kama watu wanavyombusu mgonjwa, akaenda kuchukua tambara.

Mara ya kwanza Mungu alinisaidia. Akabandika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi utepe wote ulikuwa chini, umelala juu ya vikombe kama utumbo wa mbuzi. Sababu ilikuwa ni mimi. Kila Ijumaa, miaka yote, nimelipaka lile kabati mafuta ya kupikia ili ling'ae, na mbao zilishakunywa mafuta mpaka gundi haikuona pa kushika. Nikasema, "Umeona, kabati limekataa." Lakini mke wa mwanangu, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akamwambia mtoto wake afute kwa spiriti, afute mara tatu, aache likauke kabisa. Nikamtazama kwa jicho. Akaendelea kumenya ndizi.

Basi likafutwa. Ukaletwa na ukanda mwembamba wa alumini wenye mfereji, utepe ulale humo ndani, na juu kuna kifuniko cheupe ili mwanga usiwe na nukta nukta. Mjukuu akaanza kuupima kwa macho. Mimi nilikuwa nimekaa na hasira yangu, lakini niliona mstari unapinda, na mstari uliopinda siwezi kuuvumilia hata ukiwa wa adui. Nikainuka, nikaleta futi yangu ya kushonea na chaki, nikamchorea. Ndiyo hivyo: niliipimia mwenyewe kamba ya kuninyongea, na ilinyooka vizuri sana.

Mwisho akaweka kitu kidogo cheupe kama kifungo, pembeni ya mlango wa kioo. Akasema ni jicho. Mtu akipita au akijitikisa mbele yake, taa zinawaka zenyewe. Akitulia nusu dakika, zinazima. Ni kwa ajili ya kubana umeme, kwa sababu nimelalamika mimi.

Zikawaka. Nisiseme uongo tena, ilipendeza. Vikombe vilikuwa kama vimemiminiwa maziwa ya mwanga. Na katikati yake buli, na ndani ya tumbo la buli, kutoka shingoni hadi kitakoni, mstari mweusi kama mto kwenye ramani ya shule. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili. Mjukuu alikuwa amepiga magoti kwenye soketi, anainuka. Kabla hajageuza uso, mama yake akapita na sahani ya ndizi, akasema mlango huu unafungwa vibaya, akafungua, akafunga, na alipoondoka chombo cha sukari kilikuwa kimesogea mbele ya buli. Nikasema alhamdulillahi, bahati. Nilidhani ni bahati.

Ile wiki sikupumzika. Naswali mbele ya kabati kwa sababu kibla kiko huko. Nikirukuu, jicho linaniona, linawasha. Nikikaa kusoma tahiyatu, linazima. Nikitoa salamu, linawasha tena. Nikahamishia mswala jikoni, na mwanangu akamwuliza mkewe kama mama amekasirika. Alhamisi, baada ya Adhuhuri, wote wako nje, nikasema sasa nilitoe, nilifiche hadi wageni waende, niseme nimelipeleka kusafishwa. Nikaenda kwa kunyata, umri huu, nikiegemea ukuta. Nilipofungua tu, pwaa, mwanga kila mahali, na mimi nimelishika buli kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Mke wa mwanangu akasimama mlangoni na kapu la sokoni.

"Mama, unatafuta nini?"

"Panya."

"Ndani ya buli?"

"Panya wa siku hizi hawana adabu."

"Yego, Mama," akasema, akapita jikoni na kapu lake. Nikalirudisha.

Jumapili wakafika. Walikuwa watatu: mzee wa ukoo wao, baba wa kijana, na huyo shangazi, mwanamke mnene wa sauti, buibui lake limeshonwa vizuri, kola sikuipatia kosa. Sisi tulikuwa mimi, mwanangu, mkewe, na mjukuu amejificha chumba cha pili ameacha mlango wazi kidogo. Saloni ikang'aa. Shida ni kwamba watu wa posa wanakaa kwa heshima, hawajitikisi. Kila tulipotulia nusu dakika, tukazima wote. Mwanangu alikuwa karibu na lile jicho, akapewa kazi ya kujipepea kwa gazeti muda wote, na nje mvua inanyesha na baridi ipo. Baba wa kijana akamwuliza kwa huruma kama ana homa. Mzee wao alipoinua mikono kuomba dua, tulikuwa gizani, na mikono ilipopanda tu kabati likawaka lote. Akasita kidogo, akaendelea na dua kwa sauti kubwa kuliko alivyoanza.

Maneno yakaenda vizuri. Wakasema wameona ua katika bustani yetu, tukasema ua letu lina miiba, wakasema wamekuja na glavu. Halafu shangazi akasogea ukingoni mwa kiti akatazama kabati.

Akasema kijana wao amewasimulia habari za buli hadi wamechoka, kwamba katika nyumba hii kuna buli lililosubiri siku hii tu. "Nimeacha chai ya nyumbani kwangu kwa ajili yake," akasema. "Nimekuja na kiu."

Nikasema tuna chupa kubwa ya chai, imejaa, ya moto. Mwanangu, ambaye hajui kitu hata kimoja katika dunia hii, akaacha kujipepea akasema, "Lakini Mama, buli si ndiyo siku yake leo? Umesema miaka yote."

Taa zikazima. Mke wa mwanangu akainuka, zikawaka. Akaenda kabatini, akaondoa chombo cha sukari, akalitoa buli akaligeuza mbele ya watu wote, ufa ukawa wazi.

"Tusameheane," akasema. "Halitaweza kushika chai. Lina ufa. Mimi ndiye niliyelivunja zamani, nikaliunga, nikamficha mama."

Hakunitazama. Alisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Mjukuu nilimsikia kule chumbani akivuta pumzi. Shangazi akamtazama mke wa mwanangu kuanzia mikono, akatabasamu kwa upande.

"Haya," akasema. "Basi na binti tutamwanzia vikombe vya plastiki, tuone mkono wake umetoka wapi."

Wanaume wakacheka. Ulikuwa utani, katika posa utani unaruhusiwa, lakini niliona mke wa mwanangu anainamisha kichwa vilevile kama kwenye kile kisahani, na safari hii kilikuwa kichwa cha mtoto wake pia. Na mimi mlango ulikuwa umefunguliwa. Ningekaa kimya tu, ningetoka msafi, ningepata na cha kusema miaka kumi mingine.

Nikajaribu kunyamaza. Ilidumu mpaka taa zilipozima. Gizani nikasema:

"Buli nimelivunja mimi. Nilitaka kunywa chai peke yangu, nikatia maji ya moto kwenye buli baridi kama msichana asiyefundishwa. Nikaliunga. Huyu hajavunja kitu isipokuwa kisahani kimoja, na nimemsumbua kwa kisahani hicho nusu ya umri wake."

Mwanangu alikuwa amesahau kabisa kujipepea. Halafu kiti kikalia, shangazi akainuka, taa zikamwakia usoni. Akaenda akalichukua buli mikononi mwa mke wa mwanangu, akaliinua kwenye mwanga, akapitisha kucha juu ya ufa kutoka juu hadi chini, polepole, kama mtu anayekagua mshono.

"Gundi gani hii?" akauliza.

"Ya Kimisagara," nikasema. "Mtengeneza redio."

"Imeshika miaka mingapi?"

"Tangu binti yuko darasa la kwanza."

Akalirudisha kabatini kwa mikono miwili. Alipokaa tena akaniinamia sikioni, sauti yake ile kubwa ikawa ndogo, akaniambia kabla hawajaondoka nimwelekeze karakana yenyewe, bila kuitaja mbele ya kaka yake, baba wa kijana. Nikamwelekeza. Chai tulikunywa kutoka kwenye chupa, katika vikombe vya seti, na posa ikapokewa.

Walipoondoka nilimfuata mke wa mwanangu jikoni. Nikamwuliza amejua lini. Akasema tangu wiki ile nilipoliunga. Yeye ndiye anayepangusa, angekosaje kuona? Kila akipangusa alilirudisha ufa nyuma. Mimi mwenyewe, akasema, nililirudisha vibaya mara mbili baada ya kulitazama, nikaliacha ufa mbele, moja ya hizo wakiwa wanakuja dada zangu, naye akakimbia kuligeuza. Na siku kisahani kilipomponyoka, alikuwa ametoka tu kuuona ule ufa, mkono ukamlegea.

"Na hukusema? Miaka yote nilipokuwa nakutolea vile vipande?"

"Ningesema nini, Mama? Ulikuwa unafurahi."

Nikachukua kitambaa nikamsaidia kukausha vikombe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu aolewe, akanisogezea nafasi.

Tulipomaliza nikawaita wote saloni, mwanangu, mkewe, mjukuu, nikasimama mbele ya lile jicho ili taa ziwake wanione vizuri nikisema. Nikawaambia: kuanzia leo vikombe hivi mtavinywea nyinyi, na kila mtu ataosha chake. Buli likae ufa mbele. Na wewe mwanangu, fungua droo ya chini, toa kile kisahani, shuka Kimisagara kesho asubuhi ununue gundi, ukiunge, kisha ukiweke pale juu, karibu na buli, mahali taa inapowaka zaidi.